Glakoma: matone, leza au upasuaji? Linganisha kwa kuangalia tishu iliyoziba

Mgonjwa wa glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, ukimuuliza hali, hukujibu kwa namba: ilikuwa 26, sasa 17. Hiyo ni presha ya ndani ya jicho kwa milimita za zebaki, na kila tiba iliyopo hupimwa kwa kiasi inachoishusha. Kwa hiyo matone, leza na upasuaji huonekana kama kitu kimoja chenye viwango vitatu vya ukali. Mtazamo huo unapotosha. Ukiitazama pembe ya jicho kwa hadubini, utaona kwamba kila tiba inagusa tishu yake, na baadhi ya zinazotumika sana haziigusi kabisa tishu inayougua. Ni vizuri kuzilinganisha kuanzia hapo.

Majimaji hutokea wapi

Mwili wa siliari, uliojificha nyuma ya airisi (kile kiwambo chenye rangi), hutengeneza majimaji maangavu kiasi cha mikrolita 2 hadi 3 kwa dakika wakati wa mchana, na usiku karibu nusu yake. Majimaji hayo hupita kwenye mboni, hulisha lenzi na konea (kile kioo cha mbele cha jicho) ambazo hazina mishipa ya damu, kisha huondoka kupitia pembe ambapo airisi hukutana na konea. Yana njia mbili za kutokea.

Njia kuu ni wavu wa trabekula, kisha mfereji wa Schlemm unaozunguka jicho lote, uliopewa jina la mwanaanatomia Mjerumani Friedrich Schlemm aliyeueleza mwaka 1830. Kutoka hapo kuna vijifereji vya kukusanyia vipatavyo 25 hadi 35, na mwisho vena zilizo juu ya sklera, ile sehemu nyeupe ya jicho. Njia ya pili haina mfereji wowote: majimaji hujipenyeza katikati ya nyuzi za msuli wa siliari na kufyonzwa huko nyuma. Anders Bill wa Uswidi aliionyesha kwa vipimo miaka ya 1960, na kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa ya pembeni tu. Leo matone yanayotangulizwa na madaktari wengi hutegemea njia hiyohiyo.

Wavu wenyewe una tabaka tatu. Mbili za upande wa ndani ni vijiti vyembamba vya kolajeni na elastini vilivyovikwa seli, vyenye nafasi pana kati yake. Seli hizo ni wafagiaji: humeza takataka na chembe za rangi zinazoelea. Tabaka la tatu, linalogusa ukuta wa mfereji, lina unene wa mikromita 10 hivi, halina vijiti, na seli zake zimetawanyika ndani ya ute wa protini na sukari. Hapo ndipo ulipo ukinzani mwingi unaozuia majimaji kupita. Mwaka 1963 Morton Grant, huko Boston, alipitisha maji kwenye macho yaliyotolewa kwa watu waliokufa, akakata wavu na kupima tena: takriban robo tatu ya ukinzani ilitoweka. Upasuaji mwingi wa pembe unaofanywa leo unasimama juu ya jaribio hilo.

Ukuta wa ndani wa mfereji nao una kazi yake. Seli zake huvimba kwa vifuko vikubwa vya majimaji na kujitoboa matundu madogo mno, ndiyo milango ya mwisho.

Kinachoonekana kwa hadubini glakoma ikiingia

Tuanze na glakoma ya pembe iliyo wazi, aina inayowapata wengi zaidi duniani. Daktari akiitazama pembe kwa lenzi yake ya kioo haoni kasoro. Pembe iko wazi, wavu uko mahali pake. Ubovu uko chini ya kiwango cha macho.

Seli za wavu hupungua. Hupungua kwa kila mtu kadiri anavyozeeka, ila kwa mwenye glakoma zimepungua zaidi ya umri wake. Vijiti vinavyokosa seli za kuvivika hugusana na kushikana, na nafasi kati yake huziba. Katika tabaka la tatu, ganda la nyuzi za elastini hunenepa na kujenga mabaka ambayo hadubini ya elektroni huyaonyesha waziwazi. Fibronektini na protini nyingine za gundi hurundikana. Kwenye majimaji ya macho hayo kiwango cha TGF-beta 2 huwa juu mara nyingi. Hiyo ni protini inayoamuru tishu kutengeneza nyuzi na kovu. Ndani ya seli zilizobaki, nyuzi za aktini hujisuka kuwa vitanzi vigumu. Matokeo yake wavu mzima hukakamaa kama mpira uliokaa juani miaka mingi: haunyooki presha inapopanda wala haurudi inaposhuka. Ukuta wa mfereji hutoa matundu machache, na mfereji wenyewe huwa mwembamba.

Kuna tahadhari mbili ambazo maelezo mengi huziruka. Kwanza, mabaka yale, ingawa ndiyo yanayovutia jicho la mtazamaji, hayatoshi kueleza ukinzani wote. Kukakamaa kwa seli na upungufu wa matundu vina sehemu kubwa. Pili, tishu nyingi zilizochunguzwa zilitoka kwa watu waliokuwa wametumia matone kwa miaka, au zilikatwa wakati wa upasuaji wa ugonjwa uliokomaa. Si rahisi kutenganisha kilicholetwa na glakoma na kilicholetwa na dawa. Mimi husoma picha hizo kwa heshima, lakini siziapii.

Aina nyingine za glakoma huacha alama tofauti kabisa, na tofauti hizo ndizo zinazobadilisha uchaguzi.

Katika glakoma ya magamba, iliyoelezwa mara ya kwanza na Lindberg nchini Finland mwaka 1917, nyuzi fulani za protini hutengenezwa na kuganda kwenye lenzi, airisi na tabaka la tatu la wavu. Ni uchafu unaoendelea kuzalishwa, tena pamoja na chembe za rangi zinazokwanguliwa airisi inaposugua lenzi. Katika glakoma ya chembe za rangi, tatizo ni melanini: wafagiaji humeza kupita uwezo wao, hufa au hubanduka, na vijiti vilivyobaki uchi huanguka juu ya vingine. Katika glakoma ya steroidi, inayoletwa na dawa za steroidi, tabaka la tatu hujaa nyuzi laini zisizofanana na mabaka ya glakoma ya kawaida, na seli hupoteza hamu ya kumeza. Watu wapatao theluthi moja hupandwa na presha kwa kiasi fulani wakitumia matone ya steroidi kwa wiki kadhaa. Kwa wenye glakoma tayari, wengi zaidi.

Halafu kuna pembe iliyofunga. Hapa wavu unaweza kuwa mzima siku ya kwanza. Airisi ndiyo imeulalia. Ila ikikaa hapo miezi, seli hufa, nyuzi hujaa na mfereji huziba, kisha hata airisi ikiondolewa, wavu haurudi ulivyokuwa.

Matone dhidi ya matone

Kila mmoja huuliza matone yapi yana nguvu zaidi. Swali la kutangulia ni matone hayo yanafanya kazi wapi.

Timololi, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1978, hupunguza utengenezaji wa majimaji. Presha hushuka kwa robo au pungufu kidogo. Wavu haukuguswa, umepunguziwa mzigo tu, na usiku, utengenezaji ukiwa tayari umeshuka wenyewe, dawa hii haina mengi ya kuongeza. Mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole asipewe.

Latanoprosti na ndugu zake, walioingia sokoni tangu 1996, hufungua ile njia ya pili. Huamsha vimeng'enya vinavyomeng'enya kolajeni kati ya nyuzi za msuli wa siliari, na majimaji hupita kwa wepesi. Hupunguza presha kwa robo hadi theluthi, tone moja kwa siku, usiku na mchana. Kasoro zake ni za sura: kope hurefuka, airisi inaweza kuwa nyeusi zaidi bila kurudi, mafuta yanayozunguka jicho hupungua. Katika matone, hizi ndizo ningeanza nazo. Hata hivyo, nazo zinauzunguka wavu uliougua zaidi ya kuutibu.

Pilokapini, dawa ya karne ya 19, hukaza msuli wa siliari, msuli huvuta mzizi wa wavu, na nafasi kati ya vijiti hupanuka. Kwa mantiki ya tishu ni dawa nzuri sana. Kwa mtumiaji ni adha: mara nne kwa siku, maumivu ya paji la uso, na mboni iliyosinyaa inayofifisha kuona gizani.

Kundi jipya la vizuizi vya Rho-kinasi (kimeng'enya kinachokaza seli), ripasudili iliyoidhinishwa Japani mwaka 2014 na netasudili iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2017, ndilo linalolenga ukakamavu wenyewe. Hulegeza aktini ndani ya seli, tabaka la tatu hupanuka na ukuta wa mfereji hupitisha zaidi. Netasudili hushusha pia presha ya vena za nje. Ukisoma hivyo tu unaweza kudhani mjadala umekwisha. Haujaisha: jicho huwa jekundu kwa watumiaji wengi, na kwa kushusha presha dawa hizi hazijaishinda latanoprosti. Nafasi yake halisi leo ni kuongezwa juu ya nyingine, hasa kwa mtu ambaye dawa ya njia ya pili haijamtosha.

Matone dhidi ya leza

Hapa ndipo hadubini inaposema kwa sauti kubwa zaidi, maana leza mbili zinazotajwa kwa jina moja mitaani ni vitu viwili.

Leza ya agoni, iliyoenea baada ya 1979, hupiga sehemu ya kumi ya sekunde kwenye doa la mikromita 50. Joto huenea. Kwenye tishu huacha mashimo, kolajeni iliyoungua na, baadaye, kovu. Presha hushuka, lakini kila kipigo kimechukua kipande cha wavu, na kurudia ni hatari.

Leza teule, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hutumia mwanga wa nanomita 532 kwa nanosekunde 3 tu, kwenye doa la mikromita 400. Melanini iliyo ndani ya seli hunyonya nishati, na kipigo kimeisha kabla joto halijapata muda wa kutoka nje ya seli. Macho ya wafu yaliyopigwa kwa leza hii na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni hayaonyeshi mashimo. Kinachotokea ni mwito: seli hutoa kemikali za kuita seli-mlaji, vimeng'enya vya kusafisha ute huongezeka, na ukuta wa mfereji hupitisha zaidi. Kwa maneno mengine, wavu unachokozwa ujisafishe.

Ushahidi wa kliniki nao upo. Jaribio la LiGHT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019, lilikuwa na wagonjwa 718 wapya. Baada ya miaka mitatu, asilimia 74 ya walioanza na leza walikuwa bado hawahitaji matone. Jaribio la Moshi, Tanzania, lililochapishwa mwaka 2021, lililinganisha leza hiyohiyo na timololi kwa watu wenye presha ya zaidi ya 21: baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu kwenye asilimia 61 ya macho, timololi kwenye asilimia 31.

Kwa hiyo, kwa glakoma ya pembe iliyo wazi ambayo haijakomaa, naona leza teule ianze na matone yafuate. Sababu yangu haiko kwenye asilimia tu. Leza inahitaji seli zilizo hai za kuitikia mwito. Kila mwaka wavu unapokaa bila kutibiwa, seli zinapungua, na leza ya kesho inabaki na wachache wa kuwaita. Tone linaweza kusubiri, seli hazisubiri. Ukweli wa upande wa pili ni kwamba nguvu ya leza hupungua kwa muda, ingawa yaweza kurudiwa, na kuna mtu asiyeitikia kabisa.

Aina ya glakoma hubadilisha hesabu. Kwenye glakoma ya magamba wavu huitikia leza vizuri mwanzoni, kisha faida hupotea mapema kuliko kwingine, kwa kuwa uchafu unaendelea kumwagwa. Kwenye glakoma ya chembe za rangi, wavu umejaa melanini na kila kipigo hunyonywa kwa wingi. Nishati lazima ipunguzwe, na presha ipimwe tena siku hiyohiyo kwa hofu ya kupanda ghafla. Kwenye glakoma ya steroidi, jambo la kwanza ni kuacha au kubadilisha steroidi kwa kushauriana na aliyeiandika, maana nyuzi zile zinaweza kuondoka zenyewe ndani ya wiki kadhaa. Kwenye pembe iliyofunga, leza ya wavu haina pa kupiga. Kinachotakiwa ni kutoboa airisi au kuondoa lenzi. Jaribio la EAGLE la mwaka 2016 lilionyesha kwamba kuondoa lenzi mapema, kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi walio na presha ya juu sana au glakoma tayari, kulileta matokeo bora kuliko kutoboa airisi.

Upasuaji mdogo dhidi ya trabekulektomi

Upasuaji mdogo hufuata mantiki ya Grant: kama ukinzani uko kwenye wavu, uvuke au ukatwe. Kijibomba cha titani chenye urefu wa milimita 1, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2012, hutundikwa kwenye wavu na kumwaga majimaji moja kwa moja ndani ya mfereji. Njia nyingine ni kupasua wavu mzunguko mzima kwa uzi. Majeraha ni madogo, uponaji ni wa haraka, na mara nyingi hufanywa pamoja na kuondoa mtoto wa jicho.

Mpaka wake nao uko kwenye tishu. Mfereji humwaga kwenye vena zenye presha ya 8 hadi 10 hivi, kwa hiyo jicho haliwezi kushuka chini ya hapo, na kwa vitendo huishia juu zaidi, kwenye 15 au 16. Tena majimaji hayagawanyiki sawa kwenye wavu. Kuna maeneo yanayopitisha sana na mengine karibu makavu. Kijibomba kikikaa mkabala na vijifereji vilivyoziba, hakuna kilichobadilika. Na kama ugonjwa umeshasababisha kuta za mfereji kushikana, kuuvuka wavu ni kufungua mlango wa chumba kisichopo.

Trabekulektomi, iliyoelezwa na Cairns mwaka 1968, haitegemei lolote kati ya hayo. Huchimba njia mpya kupitia sklera, na majimaji hukusanyika kwenye lengelenge chini ya utando mwangavu unaofunika sehemu nyeupe ya jicho. Inaweza kushusha presha hadi 10 au chini yake, na hilo ndilo linalohitajika neva ya jicho ikiwa imebaki nyembamba. Bei yake ni hatari: presha kushuka mno, maambukizi miaka mingi baadaye, mtoto wa jicho kuja mapema. Adui wake mkuu ni kovu. TGF-beta ileile iliyoukakamaza wavu huamuru seli za nyuzi kuziba njia mpya, ndiyo maana daktari hupaka mitomisini C, dawa ya kuzuia kovu, wakati wa upasuaji.

Kuna mambo mawili kuhusu mpangilio ambayo mgonjwa huelezwa mara chache. La kwanza: matone ya miaka mingi, hasa yenye kihifadhi cha benzalkoniamu, huacha uvimbe wa kudumu kwenye utando huo wa jicho, na uvimbe huo huongeza uwezekano wa trabekulektomi kuziba. Anayejua ataishia kwenye upasuaji aombe mapema matone yasiyo na kihifadhi. La pili: utafiti wa tishu uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baada ya trabekulektomi iliyofaulu, mfereji wa Schlemm husinyaa, kwa kuwa majimaji hayapiti tena. Anayefikiria kijibomba kama akiba ya baadaye ajue akiba hiyo hupungua baada ya njia mpya kufunguka.

Kwa nani ipi

Mtu mwenye glakoma ya pembe iliyo wazi iliyogunduliwa mapema: leza teule, kisha latanoprosti kama namba haijafika lengo. Mtu mwenye mtoto wa jicho anayehitaji kuondolewa, na glakoma ya wastani: upasuaji mdogo katika kikao kilekile. Mtu ambaye uwanja wake wa kuona umebaki katikati tu na lengo ni 10 au 12: asizungushwe miaka kwenye matone matatu, azungumze na daktari wake kuhusu trabekulektomi. Mtoto mchanga yuko peke yake, maana wavu wake haukukomaa tangu tumboni; matibabu ni kuupasua, na matone ni ya kusubiria tu.

Kabla ya yote hayo, uliza kama pembe yako imetazamwa kwa gonioskopi, ile lenzi ya kioo inayogusa jicho. Haionyeshi mabaka wala aktini, lakini huonyesha kama airisi imelala juu ya wavu, kama kuna magamba, na melanini ni nyingi kiasi gani. Wapo wanaopewa matone ya pembe iliyo wazi kwa miaka ilhali pembe yao inafunga taratibu. Na ukishapigwa leza, subiri wiki nne hadi sita kabla ya kupima kama imefaulu: seli-mlaji hazifanyi kazi kwa siku moja, na matone uliyokuwa unatumia usiyaache mpaka daktari aseme.